Mchungaji wetu anapigwa vita ndani ya kanisa: sisi wazee tufanye nini?

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa katika usharika ulioko pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Mchungaji wetu yuko kwetu mwaka wa nne. Tangu mwaka jana watu kama sita wanampiga vita. Walianza na hesabu za ujenzi, wakahamia kwenye mahubiri, sasa wamefika kwa mke wake na hata pikipiki anayoendesha. Wana kundi lao la WhatsApp la pembeni. Amekonda, na mkewe anasema halali. Jumapili iliyopita alikuwa akituongoza Sala ya Bwana, akafika "utupe leo riziki yetu", akakwama. Kanisa zima tukanyamaza mpaka mwinjilisti akamalizia. Wengi tunampenda. Je, tumwombee tu? Tumshauri aombe uhamisho? Na kama katika hayo ya hesabu kuna ukweli?

Jibu: Amina, Mama.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale mchungaji wako alipokwama. Baada ya "utupe leo riziki yetu" huja "utusamehe makosa yetu, kama sisi tunavyowasamehe waliotukosea". Siwezi kusema kuwa ni maneno hayo yaliyomkaba koo. Huenda ulikuwa usingizi tu; mtu aliyekesha wiki nzima husahau mambo aliyoyajua tangu utoto. Lakini mtumishi aliyejifunza sala hii Shule ya Jumapili, akiipoteza akiwa ndani ya kanzu mbele ya waumini wake, mwili wake umeshasema jambo ambalo yeye hajalisema. Kwa miaka thelathini nilikuwa mchungaji wa usharika, na tangu nistaafu kazi yangu ni kukaa na wachungaji wa kanda hii ya kati, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Nimejifunza kuanza na mwili. Hesabu za ujenzi zinaweza kusubiri siku chache. Huyu asiyelala asisubiri.

Wewe na mkewe mshawishini aende hospitali wiki hii hii. Kukonda na kukosa usingizi kunaweza kutokana na sukari, na tezi ya shingo, na vidonda vya tumbo. Kunaweza pia kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Daktari ndiye wa kutenganisha. Ila mtu afuatane naye, kwa sababu wachungaji tuna tabia ya kufika mbele ya daktari tukasema "kichwa kinauma kidogo", tukarudi na vidonge vya maumivu. Aseme kwamba halali, aseme tangu lini, aseme kuna nini kazini. Shirika la Afya Duniani liliufafanua uchovu wa kazi katika toleo jipya la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa mwaka 2019, si kama ugonjwa, bali kama hali inayoletwa na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa: mtu huishiwa nguvu, moyo wake hujitenga na kazi aliyoipenda, na huona hakuna anachokifanya kikafaa. Nikiisoma orodha ile naona nyuso za watu ninaowafahamu.

Najua neno litakalokuwa linawakaa kooni: Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Hapa Dodoma kumwambia mtu "utapelekwa Mirembe" ni tusi, watoto hulitumia wakigombana mpirani. Mnaogopa mchungaji akionekana pale getini wale sita watapata habari ya kutembeza mwezi mzima. Anaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa, ile tunayoiita General, au Benjamin Mkapa, na daktari akiona haja atamwelekeza. Lakini akiambiwa aende Mirembe, aende, na wewe usilitaje jina hilo kwa kunong'ona. Hospitali ile ipo tangu ukoloni wa Mwingereza. Watu wanahudhuria kliniki, wanazungumza na daktari, wanachukua dawa, jioni wako nyumbani wanasonga ugali. Nimeshakaa kwenye benchi lile na mchungaji mwenzangu. Alivaa kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Mara ya tatu alikuja bila kofia.

Na jambo moja usilipite kwa haraka. Mkiwa wawili, muulize waziwazi kama kuna wakati anatamani asiwepo duniani. Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kulisema. Akikubali kwamba anawaza hivyo, au ukimsikia akisema "bora Bwana anichukue nipumzike", asiachwe peke yake usiku ule, na siku hiyo hiyo afike hospitali. Asiambiwe kwamba amekosa imani. Katika kitabu cha Hesabu sura ya 11 Musa alilemewa na manung'uniko ya watu mpaka akamwomba Mungu amwue. Mungu hakumkemea. Alimwambia akusanye wazee sabini ili wauchukue mzigo wa watu pamoja naye. Mama, benchi lenu la wazee limetoka hapo.

Sasa vita vyenyewe.

Ukiishi pembezoni mwa jiji hili unaona kwa macho jambo ambalo mchungaji wako amesimama katikati yake. Uamuzi wa kuleta makao makuu Dodoma ni wa 1973, ila watu tuliwaona wakifika kwa wingi kuanzia 2016. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Nkuhungu, Ihumwa, Kisasa, Nala, popote uendapo, usharika uliokuwa na mabenchi kumi na mawili na kwaya moja umejikuta na ibada mbili, magari uwanjani, na kamati ya ujenzi yenye wahandisi. Mzee aliyefyatua tofali za kanisa la kwanza kwa mikono yake anakaa bega kwa bega na ofisa aliyezoea kusomewa taarifa ya fedha kila robo mwaka. Mzee anaona wageni wamemnyang'anya kanisa lake. Ofisa anaona fedha yake inaingia kwenye daftari lisilosomeka. Wote wana hoja, na hawaambiani. Kila mmoja anamsema mchungaji.

Ongeza ukame. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ikikatika Februari mtama ukanyauka, ile ahadi ya ujenzi iliyotolewa kwa vigelegele mwezi wa saba inageuka deni linalomuuma mtu kila akiingia kanisani. Na ni nani anayesimama mbele kusoma majina ya ambao hawajamaliza ahadi zao? Kama ni mchungaji wako, lisimamisheni hilo Jumapili hii. Nimeona chuki nyingi zilizoota hapo. Mtu aliyesomwa mbele ya wakwe zake hatasema "niliumia kusomwa". Atasema mahubiri hayana upako.

Edwin Friedman, rabi wa Marekani aliyekuwa pia mshauri wa familia, alifundisha kwamba usharika huenenda kama ukoo: wasiwasi ukikosa mahali pa kusemwa humwangukia mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni kiongozi. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi analifahamu jambo hili vizuri.

Umeuliza kama kuna ukweli katika hesabu, na kwa swali hilo nimekuheshimu sana. Wapenzi wa mchungaji hawaliulizi. Usimtetee mtu kwa jambo ambalo hujaliona. Paulo anamwambia Timotheo, katika waraka wa kwanza sura ya 5, mstari wa 19, asipokee mashtaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu. Na mstari wa 20 unasema wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Wanaompenda mchungaji hukariri wa 19, wanaompinga hukariri wa 20. Isomeni yote miwili katika kikao kimoja.

Halafu fungueni vitabu. Mchungaji mwenyewe awe wa kwanza kuomba ukaguzi, kwa barua yenye sahihi yake, kabla hajalazimishwa. Wakaguzi watoke nje ya usharika. Kati ya wale sita, mmoja aalikwe kukaa hapo kama shahidi tangu risiti ya kwanza mpaka ya mwisho.

Niliwahi kukaa siku mbili katika ofisi ya usharika mmoja, sitautaja, pamoja na mkaguzi. Tuhuma ilikuwa kwamba mchungaji amekula shilingi 1,860,000 za kupaua kanisa. Risiti zilikuwa kwenye boksi la viatu. Chini kabisa, chini ya risiti za nondo na misumari, tukapata karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa penseli: fundi amechukua malipo ya awali, sahihi ya mtunza hazina, tarehe. Karatasi ile peke yake ilieleza sehemu kubwa ya fedha "iliyopotea". Tukaendelea mpaka zikabaki 140,000 zisizo na maelezo. Mchungaji akainamisha kichwa, akasema: hizo nilichukua mimi, mjane wa mtaa wa pili alikuwa hana nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, nikasema nitaandika kesho. Hakuandika. Jumapili iliyofuata alisimama akalieleza kanisa hivyo hivyo, akazirudisha kwa mafungu manne. Tuhuma ya 1,860,000 ilikufa siku ile, na aliyeiua ni yule mtu aliyekubali 140,000. Tangu hapo namwambia kila mchungaji kijana: usishike fedha ya ujenzi, hata ya kununulia misumari, hata kwa dakika kumi.

Mkikuta ameiba kweli, taratibu za kanisa zipo, apitie huko. Kumsaidia wakati huo ni kuhakikisha hapiti peke yake, na kwamba watoto wake hawazomewi njiani. Na kama siku moja litatajwa jambo la mtoto au la mwanamke kudhulumiwa, wazee msilisuluhishe kwa chai. Hilo ni la polisi, dawati la jinsia na watoto, na viongozi wa juu waambiwe siku ile ile.

Ila kwa namna ulivyoandika, nadhani mmeshavuka swali la hesabu. Angalia mwendo wake: hesabu, mahubiri, mke, pikipiki. Mwenye malalamiko akijibiwa hutulia, au huuliza tena jambo lile lile. Aliyeanzisha vita, ukimjibu hili huhamia lile, kwa kuwa jibu hakulitaka. Lakini usiwaweke sita wote kapu moja. Kwa nilivyoona mara nyingi, mwenye moto ni mmoja au wawili, na waliobaki kila mmoja amebeba jeraha lake. Nilimtembelea mama mmoja aliyekuwa mkali kuliko wote katika kundi la namna hiyo. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, tukazungumza habari za mbuzi, na nilipoaga akanisindikiza mpaka barabarani, akasema: "Mwanangu alipofariki, alikuja mwinjilisti. Yeye hakuja." Mchungaji alikuwa semina siku ile, hakuna aliyemweleza mama yule, naye mchungaji hakujua kwamba anadaiwa pole. Walipoonana hawakuzungumza habari za ujenzi hata kidogo. Kwa hiyo wewe, mwalimu uliyefundisha nusu ya watoto wao, nenda kwao mmoja mmoja. Usiende kusuluhisha. Nenda kusikiliza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kwa urefu hivi.

Mwaka wangu wa sita kazini nilipigwa vita mimi. Watu walikuwa wakija nyumbani baada ya saa mbili usiku. Walizima tochi kabla hawajafika mlangoni. Mmoja alileta kuku, mwingine alileta debe la karanga, na wote walisema neno moja: "Mchungaji, tuko pamoja nawe, usijali." Niliwaamini. Siku ya mkutano mkuu wa usharika, ikafika ajenda ya mengineyo, mtu mmoja akasimama akasema mke wangu anauza unga wa msaada wa wajane. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti cha mwenyekiti. Nikayatazama mabenchi. Aliyeleta kuku alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu. Aliyeleta karanga alikuwa amefungua Biblia, anasoma. Mke wangu alikuwa nyuma, upande wa akina mama, amempakata binti yetu. Hakuna aliyesema kitu.

Yule aliyetusingizia nilimsamehe kabla ya mwaka kwisha. Yule wa kamba ya kiatu alinichukua miaka mingi, kwa sababu nilikuwa nampenda.

Wachungaji niliokaa nao baada ya hapo, wengi wananisimulia jambo lile lile kwa maneno yao. Watu sita hawatoshi kumvunja mtu mwenye usharika wa watu mia tatu. Anachoshindwa kukibeba ni kimya cha wale mia mbili na tisini na nne. Anakihesabu. Anajiuliza: je, na wao wanaamini hayo? Umeniandikia kwamba wengi mnampenda, nami nakuamini. Yeye je, amelisikia hilo mchana, kwa sauti, mahali ambapo wale sita nao walisikia?

Kwa hiyo, Mama, ombeni, na mwombeeni kwa jina. Kisha mtafute kinywa. Katika kikao hakuna haja ya hotuba wala ya kumsifu mchungaji kama malaika. Mtu akisimama na tuhuma, mmoja wenu aulize kwa utulivu: "Ndugu yangu, hili lilitokea lini, nani aliliona, na umeshazungumza na mwenyewe? Kama bado, naomba tusiendelee nalo hapa." Huo ni Mathayo 18:15, hakuna wa kuupinga. Mpangane kabla kwamba akiuliza mmoja, wa pili atasema "naunga mkono" papo hapo. Mtu wa kwanza akisema peke yake huonekana ametumwa. Wakiwa wawili, hata waoga hupata ujasiri.

Na hiyo ajenda ya mengineyo iwekeeni mpaka. Fitina nyingi za kanisani hupitia hapo, jioni, watu wamechoka, nusu wameshaondoka. Baraza la wazee likubaliane kwamba jambo linalomhusu mtu, yeyote yule, haliletwi kwenye mengineyo. Linaletwa kwa maandishi, lina jina la mwenye nalo, na mhusika amepewa nakala. Barua isiyo na jina isisomwe. Na siku mkijadili jambo la mchungaji mwenyewe asikalie kiti. Aombwe mkuu wa jimbo kuongoza. Kumweka mtu aongoze kikao cha kumshtaki yeye mwenyewe ni ukatili, ingawa tumeuzoea.

Kuhusu lile kundi la WhatsApp, nakuomba jambo moja kwa nguvu zote: asitokee mtu wa kumtumia mchungaji skrinshoti. Wanaofanya hivyo ni marafiki zake. Saa nne usiku, "Mchungaji, ona wanayokuandika." Wanadhani wanamtahadharisha, kumbe ndio wanaomfikishia mishale hadi kitandani. Nilimsaidia mchungaji mmoja kufuta picha za namna hiyo kwenye simu yake, zilikuwa zaidi ya mia moja, na hata moja haikutoka kwa adui. Mzee mmoja tu, mwenye kifua, achaguliwe kupokea yanayozidi. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na wanaosambaza uongo wakijua ni uongo wakumbushwe kuwa ipo. Kumburuta muumini polisi kwa sababu ya ujumbe ni jambo ambalo mimi ningelifikia mwisho kabisa, maana watu hawa mtazikana.

Mapumziko yake ni jambo rahisi kulisema na gumu kulilinda. Jumatatu ndiyo siku yake, na kila mtu anajua, na Jumatatu ndiyo watu wanafika kwake na barua za kutiwa sahihi. Wekeni zamu: misiba ya Jumatatu ni ya mwinjilisti na wazee, na wafiwa waelezwe mapema kwamba ndivyo ilivyo, wasije wakabaki na donda kama la yule mama. Likizo nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka. Kama kanisa lenu linamwita mchungaji mwajiriwa au linamwita mtumishi, mwili wake ni ule ule. Apewe siku hizo sasa, na apewe na nauli. Mchungaji aliye likizoni bila nauli anabaki kwenye nyumba ya usharika, hatua arobaini kutoka ofisini, na hodi haikomi. Eliya naye, chini ya mretemu, alianza kupewa usingizi na mkate, mara mbili, kabla Mungu hajamuuliza unafanya nini hapa.

Mkewe umemtaja kwa mstari mmoja tu, nami nadhani ndiye anayeumia kuliko wote. Mchungaji ana mimbari ya kujisemea. Yeye hana. Akicheka ataambiwa hajali, akinuna ataambiwa anajivuna, na nyumba anayolala si yake: akiwaza mumewe kuondolewa, anawaza na mahali pa kulaza watoto. Hapa wewe unaweza kitu ambacho mimi siwezi. Mchukue Jumamosi mwende soko la Majengo, mnunue nyanya na dagaa, mkae mahali mnywe chai, na usimuulize habari za kanisa. Akitaka kulia atalia. Asipotaka, mmenunua nyanya. Rudia wiki inayofuata.

Mchungaji naye anahitaji mtu wake, na huyo asiwe mkuu wake. Nawaheshimu maaskofu wetu na wakuu wa majimbo, na mkiona tuhuma zinazidi waandikieni, wazee wote mtie sahihi, mkieleza mliyoyaona na kuomba msuluhishi kutoka nje; mchungaji awe amekubali kwanza, ili asishtukizwe. Lakini anayekusikiliza ukilia akiwa ndiye atakayekaa kesho kupanga uhamisho, utajipima maneno. Mtafutieni mchungaji mstaafu, au mshauri nasaha, au mwenzake wa dhehebu jingine, asiye na kalamu juu ya maisha yake. Wakutane mara moja kila wiki mbili, kwa saa moja. Nauli ya bodaboda itoke usharikani bila kuulizwa alizungumza nini.

Uhamisho. Msimshauri aombe. Nasema hivyo nikijua kuna wakati uhamisho ni rehema, na daktari akisema aondoke mahali hapo, aondoke bila mjadala. Lakini ushauri huo ukitoka kwa wanaompenda, atausikia hivi: hata nyie mmenichoka. Na akiondoka katikati ya vita, wale wawili wenye moto wamejifunza kwamba njia yao inafanya kazi. Mchungaji atakayekuja atawakuta pale pale, na kundi la WhatsApp halitafungwa. Nimeona usharika mmoja ukibadilisha wachungaji watatu namna hiyo, na kila mmoja aliambiwa tatizo ni yeye. Apone kwanza. Hesabu zikaguliwe, matokeo yasomwe kanisani yakiwa mazuri au mabaya. Aende likizo, arudi, akae nanyi miezi kadhaa watu wakiwa wamefungua vinywa. Baada ya hapo akitaka kwenda, aende mchana, kwa ibada ya kumuaga, mmempikia pilau na watoto wameimba.

Kabla ya hayo yote kuna Jumapili hii, naye atasimama pale pale. Atakuwa anaiogopa sala ile kuanzia Jumamosi jioni. Ongea na wazee wenzako wawili mkae benchi la mbele. Akifika "utupe leo riziki yetu" akanyamaza, usimsubiri mwinjilisti. Sauti ya darasani bado unayo, Mama. Endelea, "utusamehe makosa yetu", wenzako wadakie, na kanisa litafuata.